Kuwasha LED yenye nguvu kwa seli ya lithiamu bila draiva: mwongozo kamili

Seli moja ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2. Ikitumika hadi mwisho hushuka kwenye 3.0. LED nyeupe nayo huanza kutoa mwanga wa maana ikipata volti 2.7 hivi, na zile kubwa hufikia kilele chao karibu na 3.3. Namba hizo zimekaribiana kiasi kwamba ukiunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, taa inawaka, tena inawaka sana. Tochi nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zimeundwa hivyo hivyo: seli, springi, swichi, LED, basi, bila draiva, yaani saketi ya kudhibiti mkondo. Baadhi hudumu miaka. Nyingine mwanga wake huanza kuwa wa bluu, kisha hufifia ndani ya miezi michache na kutupwa.

Tofauti ya tochi hizo haionekani kwa macho. Iko kwenye sehemu ndogo za omu (kipimo cha ukinzani, yaani kizuizi cha mkondo) zilizojificha ndani ya springi, swichi na waya. Wanaosema wameunganisha LED "moja kwa moja" wamesahau kwamba katikati pana ukinzani daima; kilichobaki ni kujua kama umeuchagua mwenyewe au umeuachia bahati. Mwongozo huu unafundisha kuuchagua. Tutaunda taa moja ya kweli, ya mezani au ya kibanda cha biashara, inayotumia seli moja ya lithiamu ya vipimo vya 18650 na LED moja ya XM-L kutoka kampuni ya Cree, ambayo kiwandani imeruhusiwa kubeba hadi ampia 3. Ukishaielewa hii, nyingine yoyote utaikokotoa mwenyewe.

Vifaa

Tafuta seli ya 18650 pamoja na kishikio chake. LED ya XM-L iliyokwisha kulehemiwa kwenye kibao cha alumini chenye umbo la nyota, kipenyo milimita 20. Kipande cha alumini cha kupoozea. Pesti ya kupitisha joto, ile inayopakwa kwenye prosesa za kompyuta. Rezista ya omu 1 yenye uwezo wa wati 5, ile nyeupe ya mraba. Swichi inayobeba ampia 3. Fyuzi ya ampia 3. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5, bodi ndogo ya kuchajia iitwayo TP4056, ile yenye ulinzi, multimita, na pasi ya kulehemu. Bodi ya TP4056 huuzwa kwa namna mbili zinazofanana kwa mbali. Isiyo na ulinzi ina sehemu mbili tu za kuunganishia upande wa seli. Yenye ulinzi ina nne, zilizoandikwa B+, B−, OUT+ na OUT−. Chukua ya pili.

Hatua ya kwanza: ijue tabia ya LED

Fundi aliyezoea balbu za filamenti hufikiri kwa volti. Balbu ya volti 12 inapewa volti 12, na ikipata 13 inaongeza mwanga kidogo tu. LED haiendi hivyo. Hizi hapa ni namba za kawaida za XM-L:

volti 2.9: ampia 0.7
volti 3.1: ampia 1.5
volti 3.35: ampia 3

Soma mstari wa kwanza na wa mwisho. Volti imepanda kwa asilimia 15 tu, lakini mkondo umeongezeka zaidi ya mara nne. Ndiyo maana swali la "LED hii ni ya volti ngapi?" halina msaada mkubwa. Swali lenye faida ni hili: nataka ipite ampia ngapi, na nitazizuiaje zisizidi?

Joto nalo linazidisha mambo. LED ikipata moto, volti inayohitaji hupungua. Kwa XM-L ni takribani milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Kwa hiyo seli ile ile, yenye volti ile ile, husukuma mkondo mkubwa zaidi kwenye LED yenye moto kuliko iliyopoa. Mkondo unaongeza joto, joto linaongeza mkondo. Mzunguko huo unavunjwa na vitu viwili tu: ukinzani wa kutosha na bamba zuri la kupoozea.

Hatua ya pili: hesabu

Usiiogope sehemu hii, maana hapa ndipo taa inapopatikana. Kati ya ampia 0.5 na 1.5, XM-L inaweza kuchukuliwa kama kitu kinachodai volti 2.72 kwanza, kisha kinafanya kazi kama rezista ya omu 0.25. Kwa hiyo:

mkondo = (volti ya seli − 2.72) ÷ (ukinzani wote wa njia + 0.25)

Juu ya ampia 1.5 tumia 2.85 na 0.17 badala yake. Ni makadirio, lakini yanakaribia ukweli vya kutosha kwa kazi ya mezani.

Sasa tukadirie ukinzani uliojificha. Seli nzuri ina omu 0.03 hadi 0.08. Bodi ya ulinzi huongeza kama omu 0.05. Kishikio, swichi na waya huongeza nyingine 0.05 au zaidi. Tuseme jumla ni 0.16.

Bila rezista yoyote, seli ikiwa imejaa: (4.2 − 2.85) ÷ (0.16 + 0.17) = ampia 4.1. LED ya ampia 3 inapigwa na zaidi ya 4, tena kabla haijapata moto. Hapo ndipo mwanga wa bluu wa zile tochi za bei nafuu unapotoka. Na ukinunua seli bora zaidi, yenye ukinzani mdogo, hali inakuwa mbaya zaidi! Wengi hubadilisha seli ya tochi wakiweka nzuri kuliko ya mwanzo, taa inaungua, nao wanailaumu seli.

Ukiweka rezista ya omu 1, matokeo ni haya:

seli ikiwa volti 4.2: 1.48 ÷ 1.41 = ampia 1.05
seli ikiwa volti 3.7: 0.98 ÷ 1.41 = ampia 0.70
seli ikiwa volti 3.3: 0.58 ÷ 1.41 = ampia 0.41

Mwanzoni taa inakaribia mwanga wa balbu ya zamani ya wati 40, kisha inapungua taratibu kadiri chaji inavyokwisha. Kwangu huo si udhaifu. Taa yenye draiva ya kupandisha volti hubaki na mwanga uleule hadi dakika ya mwisho, kisha hukuacha gizani ghafla. Hii inakuonya mapema. Kwa seli ya miliampia-saa 2600, tarajia saa nne hivi za mwanga wa kufanyia kazi, na baada ya hapo mwanga wa kuonea njia.

Tazama pia rezista inavyodhibiti joto. LED ikipanda kwa nyuzi 60, volti yake hushuka kwa takribani 0.13. Bila rezista, mkondo ungeongezeka kwa ampia 0.4. Ikiwepo omu 1, unaongezeka kwa 0.09 tu, na taa inaendelea kama kawaida.

Ukitaka mwanga mkali zaidi, tumia omu 0.33: utapata karibu ampia 2 seli ikiwa imejaa na 1.3 ikiwa katikati. Hapo bamba la kupoozea liwe kubwa mara mbili, na seli iwe mpya. Kwa taa ya kwanza, baki na omu 1.

Uwezo wa rezista: mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani 1.05 × 1.05 × 1 = wati 1.1. Rezista ya wati 1 ingechemka na kubabua kila kitu jirani yake. Ya wati 5 inapata moto wa kuvumilika, na bei yake inazidi kidogo tu.

Vipi upotevu? Rezista inageuza sehemu ya chaji kuwa joto, ni kweli. Seli ikiwa 3.7 na LED ikitumia 2.9, karibu asilimia 78 ya nguvu inafika kwenye LED. Draiva nzuri za kupunguza volti hufikisha asilimia 90. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na draiva nyingi za bei ya chini hazifiki hata 80.

Hatua ya tatu: kupata seli ya kuaminika

Jina 18650 ni vipimo: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Seli nzuri ina miliampia-saa 2000 hadi 3500 na uzito wa gramu 45 hivi. Ukiona imeandikwa 9900, weka chini. Hakuna 18650 ya kiwango hicho, na mwenye kudanganya kwenye lebo hakuna sababu ya kumwamini kwenye ulinzi wa ndani. Mizani ya sonara au ya jikoni inatosha kukuonyesha: ganda lenye gramu 30 halina kitu cha kutosha ndani.

Chanzo kizuri ni betri za kompyuta mpakato zilizochoka. Pakiti ya seli sita mara nyingi huwa imekufa kwa sababu ya jozi moja tu, na nyingine nne bado zina uhai wa miaka. Fungua ganda la plastiki kwa kulibana pembeni hadi gundi iachie. Usichokoe ndani kwa bisibisi ndefu, kwa sababu chuma kikigusa ncha mbili za seli kwa pamoja cheche zake si za mchezo, na kikitoboa ganda la seli kinaweza kuwasha moto. Kata vipande vya nikeli kimoja kimoja, na uache mkia mfupi wa nikeli kwenye kila ncha. Mkia huo ndio utakaolehemu ukikosa kishikio. Kulehemu kwenye seli yenyewe ni kosa: joto la pasi linaharibu kizibo cha upande wa chanya na utando mwembamba unaotenganisha pande mbili za ndani.

Kisha chuja. Iliyovimba, iliyobonyea, yenye kutu au harufu tamu ya kemikali, toa. Yenye volti juu ya 3.0, endelea nayo. Kati ya 2.5 na 3.0, ichaji kwa mkondo mdogo wa ampia 0.1 hadi ivuke 3.0 ukiwa umekaa nayo; ikipata moto, toa. Chini ya 2.5, toa bila huruma, hata kama chaja inaonekana kuifufua. Seli ikishuka kiasi hicho, shaba ya ndani huanza kuyeyuka kwenye majimaji yake, na inapochajiwa tena shaba hiyo huganda mahali isipopaswa na kutengeneza shoti ya ndani. Shoti hiyo inaweza kungoja wiki kadhaa kabla ya kujitokeza, usiku watu wamelala.

Zilizofaulu zichaji hadi 4.2, ziandike tarehe, ziache wiki mbili pasipo joto. Zitakazobaki juu ya 4.1 ni za kutumia. Jaribio hili linakera kwa sababu lina kungoja ndani yake, lakini mashine nyingi za kupimia hazikuonyeshi linachokuonyesha.

Hatua ya nne: bamba la kupoozea

Kwa ampia 1, LED inakula wati 3, na takribani mbili kati ya hizo zinatoka kama joto kutoka kwenye kidoti chenye upana wa milimita chache. Lisipoondolewa haraka, LED inajipika. Nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini uombe vipande vya mabaki. Kipande chenye ukubwa wa kiganja, unene wa milimita 2 au zaidi, kinatosha taa hii. Ukipata chenye mapezi ni bora zaidi.

Sehemu itakayokaa kibao cha nyota isugue kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, hadi iwe tambarare kabisa. Paka pesti kiasi cha punje ya mchele, kandamiza kibao huku ukikizungusha kidogo, kisha funga kwa skrubu mbili ndogo. Pesti kazi yake ni kujaza mikwaruzo isiyoonekana. Ikiwa nene inazuia joto badala ya kulipitisha. Chini ya vichwa vya skrubu weka washa za plastiki, maana sehemu za kulehemia kwenye nyota ziko karibu sana na matundu.

Kabla ya kuendelea, weka multimita kwenye mlio na uguse alumini kwa ncha moja, kisha chanya na hasi ya LED kwa nyingine. Isilie popote. Ikilia, kuna risasi iliyomwagika au skrubu inayogusa.

Nyaya zilehemu kwenye nyota kabla ya kuifunga kwenye bamba. Ikishafungwa, alumini yote inanyonya joto la pasi na risasi haitayeyuka vizuri.

Hatua ya tano: kuunganisha

Fuata mpangilio huu, seli ikiwa nje ya kishikio hadi mwisho:

Chanya ya kishikio kwenda kwenye fyuzi, na fyuzi kwenda B+ ya bodi. Fyuzi ikae karibu kabisa na seli, kwa sababu waya ulio kabla yake haulindwi na kitu.
Hasi ya kishikio kwenda B−.
OUT+ kwenda kwenye swichi, swichi kwenda kwenye rezista, rezista kwenda chanya ya LED.
Hasi ya LED kwenda OUT−.

Usiunganishe hasi ya LED kwenye B−, hata kama iko karibu zaidi. Ukifanya hivyo umeiruka ile saketi ya ulinzi, nayo haitaona chochote kinachoendelea.

Waya wa milimita za mraba 0.5 una omu 0.034 kwa mita, hivyo sentimita 20 hazina athari. Ule mwembamba wa spika za redio, wa milimita za mraba 0.1, una omu 0.17 kwa mita. Ukitumia nusu mita ya huo umebadilisha hesabu yako bila kujua.

Rezista isigusane na plastiki wala seli. Iache ining'inie hewani kwenye miguu yake mifupi, au igandishe kwenye alumini ile ile mbali na LED.

Hatua ya sita: kupima

Hapa rezista ya omu 1 inakupa zawadi. Washa taa, weka multimita kwenye volti, gusa ncha mbili za rezista. Volti unayoisoma ndiyo ampia zinazopita. Ukisoma 1.02, LED inapokea ampia 1.02. Huhitaji kukata waya wala kuhamisha ncha za mita.

Nasisitiza njia hii kuliko kutumia upande wa ampia 10 wa multimita. Nyaya za mita zina ukinzani wake, mara nyingi omu 0.1 au zaidi, kwa hiyo ukiipitisha kwenye njia unapima taa nyingine kabisa, yenye mkondo mdogo kuliko itakayokuwa nao ukiiondoa mita. Hatari nyingine ni kusahau ncha kwenye tundu la ampia kisha kugusa seli ukidhani unapima volti. Hiyo ni shoti kamili.

Kwa ustadi huo huo unaweza kuwinda ukinzani uliojificha. Taa ikiwa imewaka kwa ampia 1, weka mita kwenye milivolti na uguse pande mbili za swichi: ukisoma 40, swichi ina omu 0.04. Pima springi ya kishikio, pima fyuzi, pima kiungo ulichokilehemu. Kiungo kizuri hakizidi milivolti moja au mbili. Springi za vishikio vya bei nafuu hufika 50 hata 100; mafundi wa tochi hulehemu kipande cha waya laini kutoka juu ya springi hadi chini yake ili mkondo upite hapo. Ukifanya hivyo, pima mkondo upya, maana ukinzani uliouondoa ulikuwa sehemu ya hesabu.

Andika kipimo cha dakika ya kwanza, kisha pima tena baada ya dakika 20. Mkondo unapaswa kuwa umepungua, kwa kuwa seli imeshuka kidogo. Ukikuta umeongezeka, LED inachemka na bamba halitoshi au pesti haikushika. Gusa alumini karibu na nyota: ukishindwa kuacha kidole hapo kwa sekunde chache, imepita nyuzi 55 hivi, nayo inahitaji alumini zaidi.

Hatua ya saba: kuchaji na ulinzi

TP4056 huchaji kwa ampia 1 ikiwa rezista yake ndogo ya kupangia mkondo ni ya omu 1200. Kwa seli za mtumba napendelea kuibadilisha kwa ya omu 2000, ambayo hushusha mkondo hadi 0.58. Kuchaji kunachukua muda mrefu zaidi, lakini seli na bodi vyote vinabaki na joto la kawaida. Mara ya kwanza subiri hadi taa ya kumaliza iwake, kisha pima volti ya seli. Inapaswa kuwa 4.2, ikikosea kwa 0.05 tu. Bodi inayofikisha 4.3 itupe siku hiyo hiyo.

Usiwashe taa wakati wa kuchaji. TP4056 hujua seli imejaa kwa kuona mkondo umeshuka hadi sehemu ya kumi ya uliopangwa. Taa ikiwa inavuta mkondo muda wote, bodi haioni mwisho, na seli inakaa kwenye 4.2 saa nyingi bila sababu.

Ukitumia sola, paneli ndogo ya volti 6 inaingia moja kwa moja kwenye bodi. Ya volti 12 itaiunguza, kwani kikomo cha bodi ni volti 8.

Ulinzi wa bodi hukata seli ikishuka karibu na volti 2.4. Huo ni mstari wa mwisho wa kuokoa maisha ya seli, usiufanye kuwa desturi. LED nyeupe ikifika 2.7 inakuwa imefifia kiasi cha kukusihi uizime, izime. Taa iliyosahaulika ikiwaka usiku kucha ndiyo inayohitaji ulinzi huo. Na kama taa itakaa miezi bila kazi, iache seli kwenye 3.7 au 3.8, uitoe kwenye kishikio, uiweke mahali pa baridi. Seli zilizokufa zifunge ncha kwa tepu ya umeme na uzikabidhi kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Zisiingie kwenye shimo la takataka linalochomwa moto, ambako watoto hucheza kando yake.

Ukitaka mwanga usiobadilika

Kuna chipu ndogo iitwayo AMC7135 inayofanya kazi ya rezista kwa akili: hupitisha miliampia 350, wala hazizidi, mradi seli iwe juu ya volti ya LED kwa 0.12 hivi. Ziweke tatu sambamba na utapata ampia 1.05 kuanzia seli ikiwa imejaa hadi ikaribie 3.1, kisha mwanga unaanza kushuka kama kawaida. Chanya ya LED inakwenda kwenye chanya ya seli baada ya swichi, hasi ya LED inakwenda kwenye mguu wa kutolea wa kila chipu, mguu wa kati unakwenda hasi, na mguu wa kuwashia unakwenda chanya pamoja na LED. Chipu hizi nazo zinapata moto wakati seli imejaa, kwa hiyo zilehemu kwenye kipande kipana cha shaba. Kwa upotevu wa nguvu hazina nafuu kuliko rezista. Faida yake ni utulivu.

Wengine hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima haraka kwa kutumia transista, bila rezista. Jihadhari. Kila LED inapowashwa inapigwa na ampia zile zile 4, hata kama wastani ni 1. Weka rezista kwanza, ndipo uongeze udhibiti huo.

Seli inayofaa kuliko zote kwa kuunganisha bila rezista ni ya lithiamu na fosfeti ya chuma, ile iliyoandikwa volti 3.2. Ikijaa ni 3.65 lakini hushuka upesi hadi 3.3 na kutulia hapo karibu muda wote. Kwa ukinzani wa njia wa omu 0.1, XM-L itapokea kama ampia 1.7 kwa sehemu kubwa ya chaji, na kiasi cha 3 kwa muda mfupi wa mwanzo, inavumilia. LED ndogo ya wati 1 haivumilii, kwa hiyo hiyo bado ipe rezista. Seli hii haichajiwi kwa TP4056, ambayo ingeipeleka hadi 4.2. Tumia bodi ya TP5000, inayoweza kupangwa kwa 3.6.

LED nyingi kwa pamoja

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria wengi wameacha karabai na kuhamia taa za LED, na hapo LED moja haitoshi. Unaweza kuunganisha nne sambamba kwenye seli nne zilizo sambamba, ila kila LED iwe na rezista yake ya omu 1. Rezista moja kubwa kwa zote nne haifai: LED hazifanani kabisa hata zikitoka kiwanda kimoja, na ile inayodai volti ndogo zaidi itameza mkondo wa wenzake, ipate moto, imeze zaidi, ife. Kisha ya pili inafuata.

Seli zisiunganishwe sambamba mpaka volti zake ziwe zimelingana, tofauti isizidi 0.05. Ukiunganisha ya 4.2 na ya 3.4, ya kwanza itaimwagia ya pili mkondo ambao hakuna fyuzi ya taa itakayouona.

Mkondo wote sasa ni ampia 4 na zaidi, hivyo bodi ya TP4056 itakata kila unapowasha. Nunua bodi ya ulinzi ya seli moja yenye ampia 10, na chaja ya volti 4.2 yenye ampia 3 hadi 5, vinginevyo kujaza miliampia-saa 10,400 kutachukua zaidi ya saa kumi. Waya wa pamoja uwe wa milimita za mraba 1.5. Viungo vyote vizibe kwa silikoni, lakini mgongo wa alumini uache nje ya boksi, upigwe na upepo wa ziwa. Ukiufungia ndani pamoja na seli, joto la LED zote nne litaishia kwenye seli.